Fundo la Isale

Salvina hakulipokea jani. Alilitazama tu mkononi mwa mama mkwe wake, kijani kibichi, limepigwa fundo. Ni isale, jani la kuombea msamaha. Kwao ukishaligusa umesamehe, hakuna kurudi nyuma.

"Ni mimi niliyemchongea mumeo kwa polisi," mama mkwe alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Miezi saba sasa mumewe yuko gerezani, tangu akamatwe na magunia ya kahawa ya magendo njia ya Tarakea, mpakani. Safari ile walikuwa wakiijua watu watatu tu: Salvina, mumewe na mdogo wa mumewe. Bikizee huyu hakuambiwa kitu.

Salvina akaliangalia tena lile fundo. Lilikazwa barabara. Na mama mkwe, tangu apooze mkono wa kulia, hata kanga hajifungi mwenyewe. Salvina ndiye anayemfunga kila asubuhi.

"Mama, nani amelifunga hili?"

Macho ya mama mkwe yalikimbilia kwenye migomba, yakarudi upesi.

"Siwezi kukusamehe kosa ambalo si lako," Salvina akasema.

"Jana Ijumaa Kuu uliubusu msalaba, ukalia mpaka watu wakageuka. Aliyetundikwa pale, kosa lilikuwa lake?"

Mkono wa Salvina ukainuka wenyewe.

Vidole vilikuwa vimeshaligusa jani aliposikia, nyuma ya migomba, kikohozi cha shemeji yake.