Kipande cha Kanga Ndani ya Amplifaya

Makame, mchumba wa Mwanahawa, aliegesha gari uani kwa kina binti na kufungua buti.

"Baba, amplifaya inakatakata."

"Ya zamani?"

"Mpya kabisa! Nimeitoa kwenye boksi mwenyewe."

"Haya, bwana harusi, leo tutaivua nguo," Kibwana, babake Mwanahawa, alisema akicheka.

Alifungua skrubu nne, akainua kifuniko. Waya mmoja ulikuwa umelegea, na ulikuwa umezungushiwa kipande cha kanga nyekundu kilichofungwa kwa uzi.

Kanga hiyo aliichana yeye mwenyewe mwaka juzi, alipokosa tepu, akimtengenezea amplifaya mdogo wake Shebe. Jioni ile Shebe aliondoka na gari lake, amplifaya ikiwa ndani. Hajarudi, na gari halijaonekana.

Kibwana alifungua kile kitambaa, akaukaza waya, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Muziki ulilipuka, na Mwanahawa akatoka jikoni akipiga vigelegele.

"Mikono ya baba hiyo!" Makame alishangilia. "Lete hicho kitambaa nikakitupe."

Kibwana alikuwa amekifumbata ngumini. Mkono wa Makame ulibaki umenyooshwa, ukisubiri.