Beringi ya Kushoto

"Hutoki hapa na gurudumu hilo," mke alisema. Alikuwa amesimama mbele ya bampa, kama mtu anayeweza kulizuia lori kwa kiuno. "Utatuua."

"Gurudumu halina kitu." Sauti ya dereva ilifika mtaa wa pili. "Mimi dereva, wewe abiria. Toka njiani."

"Tangu juzi nakwambia linanguruma. Amini masikio yangu mara moja tu, baba watoto."

Fundi alitoka chini ya gari jingine akijifuta grisi. Alikuwa mdogo wake mke, na gereji ilikuwa yake. "Hamna tofauti na hao mliowabeba," alisema.

Nyuma ya lori maboksi ya vifaranga wa siku moja yalikuwa yamepangwa hadi juu, na wote walikuwa wanalia. Jua lilikuwa linapanda. Kifaranga wa umri huo hawezi joto la mchana. Safari iliyopita turubai liliteleza likaziba matundu ya hewa, na nusu ya mzigo ikafika imekufa, dereva hajasimama hata mara moja kuwatazama. Mwenye vifaranga hakugomba. Alisema tu vifaranga wakifa tena, dereva asirudi kwake. Wateja wengine walikuwa wameshaondoka. Huyu ndiye aliyebaki kati ya familia na njaa.

Tangu siku hiyo mke hakukosa safari.

"Shemeji, unachungwa," fundi alitania. "Mwenzako anaogopa utaibiwa na wanawake wa njiani."

Dereva hakucheka. Alikuwa analitazama jua.

Fundi alipanda, dada yake pembeni, akalipeleka lori mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Wakikata kulia, ngurumo inapanda mpaka sakafu inatetemeka. Wakikata kushoto, inafifia.

"Uzito ukilalia kushoto ndipo linapolia," alisema aliporudi. "Beringi ya kushoto imekwisha."

Alipiga jeki, akalishika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza kama jino bovu. "Shemeji, kwenye mteremko tairi hili lingekupita likikupungia mkono."

Uso ulimshuka dereva. Aliushika ukingo wa bodi, akauachia. "Badilisha," alisema. "Upesi. Nakuomba."

Fundi alifungua tairi, akaondoa breki, akavuta beringi ya zamani. Ilikuwa imebadilika rangi kwa moto, grisi imekauka kama masizi, gololi zimelika. Alizigonga bilauri zake, zile pete za chuma ambamo gololi huzunguka, zikatoka, akagonga mpya, akashindilia grisi, akakaza nati, akailegeza kidogo, akachomeka pini. Mke alikuwa nyuma ya lori anawapepea vifaranga kwa kipande cha boksi. Baadhi ya maboksi yalikuwa yameanza kupoa sauti.

"Wanalegea!" alisema. "Jamani, wanalegea."

Fundi alirudisha breki, akaingia chini kuangalia mpira wa mafuta ya breki. "Shemeji, pampu breki!"

Dereva alikuwa amekaa kwenye usukani, macho mbele.

"Shemeji! Breki!"

Mke alikimbia, akapanda ngazi ya mlango, akamgonga mumewe goti, akamwonyesha pedali. Dereva akapampu breki.

"Amenuna," alimwambia mdogo wake haraka. "Muache."

Fundi alitoka chini. Alimtazama dereva kwa muda, spana mkononi. Kisha akafunga tairi, akashusha lori, akaihamisha jeki.

"Tupime na la kulia."

"La kulia la nini?" mke alisema. "Muda hatuna."

"Si wewe uliyetaka gurudumu lipimwe?"

"Moja. Sikusema yote. Mdogo wangu, watakufa hawa."

Fundi alipiga jeki. Lilipoinuka, alimwita dereva kwa mkono, akampa bisibisi ndefu, ncha yake akaielekeza kwenye chuma cha nyuma ya gurudumu. Mafundi hulisikiliza gari hivyo, sikio kwenye mpini, kama daktari na kifua cha mgonjwa.

"Sikiliza hapa," alimwambia usoni. "Ukisema zima, naliacha. Ukisema linanguruma, nalifungua." Akachuchumaa upande wa pili wa tairi, kama anayejiandaa kulizungusha.

Dereva alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama chini. Akapiga magoti, akabana sikio kwenye mpini, akafumba macho. Asubuhi ile alikuwa ameshakosea mara moja.

"Linanguruma," alisema. "Kama lile lile. Lifungue, lakini fanya upesi, shemeji, tunakufa njaa."

Mke aliugeuzia ukuta uso wake.

Fundi aliinuka. Aliichukua bisibisi taratibu, akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati la shemeji yake, akatoa ufunguo. Akashusha jeki, akafunga mlango wa gereji na magari ya watu ndani, akapanda kwenye usukani.

"Nitapeleka mimi," alimwambia dada yake. "Leo, na safari nyingine zote."

Alimgeukia dereva, akapiga kiti cha pembeni kwa kiganja; dereva akapanda, na lori likaondoka.

Gurudumu la kulia halikuwa limezungushwa. Tangu aliposema sikiliza, fundi alikuwa amelikamata kwa mikono miwili; mwenye masikio mazima angesikia kimya tu.