Alama ya Chaki

Tangu petroli ipande bei, Mzee Shaweji alikuwa hamwamini mtu. Kila akiegesha gari lake kuukuu nje ya jiko, alichora alama ya chaki kwenye tairi, pale linapogusa chini. Asubuhi hiyo alama ilikuwa juu.

"Mama Nassoro! Nani kaliendesha gari langu?"

"Nani alitake hilo debe, Baba Nassoro?" mkewe alijibu toka jikoni, haraka mno.

Akamshuku jirani. Akamshuku fundi. Alipojitupa kwenye kiti cha dereva kwa hasira, magoti yaligonga usukani na kichwa kikagonga paa. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele hadi mwisho, na juu yake kulikuwa na mto wa sebuleni. Mwizi gani mfupi hivi?

Ndipo akamkumbuka yule mbuzi wa juzi barabarani, ambaye yeye, akiwa kwenye usukani, hakumwona mpaka mkewe kando yake alipopiga ukelele.

Alishuka polepole, akaifuta chaki kwa kiganja, akazunguka, akaketi upande wa abiria.

"Haya, mwizi," aliita, "njoo unipeleke sokoni. Na petroli yangu usiichezee!"

Jikoni mfuniko wa sufuria ulianguka, ukazunguka sakafuni kwa muda mrefu kabla ya kutulia.