Chumvi ya Mbuzi

Parsimei alikuwa anakaza fundo la chumvi kwenye pembe ya shuka yake pale sauti ilipomkuta.

"Nini hicho?"

Ni Lesiamon, mdogo wa marehemu baba yake. Amesimama kwenye lango la boma, fimbo mkononi, anatafuna mswaki wa mti.

"Chumvi, baba mdogo. Ya mbuzi."

"Mbuzi wako wanne wanakula chumvi kuliko ng'ombe wote wa baba yako." Akatema mate pembeni. "Na leo tena unaingia kwenye ile yeboyebo?"

"Nanyoosha mgongo tu. Nitarudi jioni."

"Upepo ukigeuka mchana, usikae upande wa mawe. Maji yanapanda kule." Mzee akaanza kuondoka, anachechemea. "Mimi naenda kliniki. Magoti haya."

Yeboyebo, jina la vile viatu vya plastiki, ndilo watu walilolipa kayaki lile, mtumbwi mdogo wa mtu mmoja, kwa sababu ni la plastiki, la njano, na lina tundu la kuingiza mtu kama mguu. Parsimei aliwahi kuwa mlinzi wa kambi ya wageni hapo kando ya Ziwa Eyasi. Kambi ilipofungwa, mwenyewe alimwachia kayaki, maana halikuingia garini.

Akalisukuma majini, akaketi, akachovya kasia.

Kiangazi kilikuwa kimeiva. Pwani ya ziwa ilikuwa nyeupe kwa magadi, na ukuta wa mlima umesimama upande wa kulia, mkavu, hauna hata kivuli cha kumfikia. Mbali kidogo wanawake walikuwa wanachota maji kisimani. Mmoja alinyanyua mkono. Parsimei akanyanyua kasia. Basi, hayo ndiyo yakawa mazungumzo yake na binadamu tangu aingie majini. Simu ilikuwa haina mtandao, na hata ingekuwa nao, angempigia nani amwambie anakokwenda?

Ukame ndio ulioanzisha yote. Ng'ombe walilala mmoja mmoja hadi zizi likabaki na mavi makavu tu. Kisha mvua zikaja zimechelewa, zikajaza ziwa badala ya kuokoa mifugo. Maziwa ya mbuzi, mkewe Nosim aliwapa watoto. Siku moja Leonce, mvuvi wa kule Baray, alimpa samaki wa kuchoma. Njaa haikumwachia nafasi ya kufikiri. Alikula, akalamba na vidole.

Kwa watu wake, samaki ni ndugu wa nyoka. Tena mwanamume hali peke yake. Ukipata nyama, ukipata hata kibuyu cha maziwa, unamtafuta wa rika lako mle pamoja. Sasa yeye kila Jumamosi alikuwa anakula kisicholiwa, na anakula peke yake. Hakujua lipi kati ya hayo mawili lilikuwa linamuuma zaidi.

Alichokiogopa alikuwa amekiona kwa macho. Wilson, rafiki yake wa toka utoto, alikutwa na miba ya samaki mfukoni mwa koti. Lesiamon ndiye aliyesema mbele ya wanaume wote kwamba asinywe maziwa na mtu. Hakuna aliyempiga Wilson wala kumtukana. Alipoketi, wenzake walinyanyuka tu. Parsimei naye alinyanyuka. Mwisho wake Wilson akahamia Karatu mjini kuosha magari, na mkewe akarudi kwa wazazi.

Alitega ndoana kwenye ghuba ndogo, akangoja na jua kichwani. Akapata kambare wawili, akawalaza miguuni pake. Mchana upepo uligeuka, mawimbi yakaanza kupiga mawe. Akajitenga nayo, akaendelea kupiga kasia, mabega yanawaka.

Mahali pake palikuwa nyuma ya rasi, chini ya mlima. Kwa nchi kavu kuna kijia cha mbuzi tu. Hajawahi kumkuta mtu pale. Mara ya mwisho aliondoka haraka akaacha miba na majivu wazi, na aliporudi akakuta vimefukiwa vizuri, mawe yamepangwa juu. Alidhani ni Wahadzabe wamepita wakiwinda.

Akaizunguka rasi.

Kulikuwa na moshi.

Akasimamisha kasia. Kando ya jiwe lake, kwenye mchanga wake, mtu alikuwa amechuchumaa, amempa mgongo. Fimbo ilikuwa imeegemezwa kwenye jiwe. Ile fimbo angeijua hata usiku.

Kugeuza haikuwezekana. Rangi ya njano haijifichi. Akainama taratibu kama anayejikuna, akawachukua kambare mmoja baada ya mwingine, akawadondosha majini. Akaosha mikono. Akainusa. Akaiosha tena.

Akamfikiria Nosim akifunga vyombo vyake kurudi kwao.

"Njoo," Lesiamon alisema bila kugeuka.

Parsimei alilivuta kayaki mchangani. Akasogea, akaketi upande wa pili wa jiwe, akainamisha kichwa, akangoja kumsikia mzee ananyanyuka.

Mzee hakunyanyuka. Alisogea kidogo kumpisha, akachukua kijiti, akafukua makaa, akawageuza samaki wake wawili.

"Chumvi ya mbuzi umeleta?"