Kiganja cha Kulia

Tangu kliniki ziache kugawa antibayotiki, kila mwenye kidonda sugu alipewa kisanduku cha umeme na chupa ya vidonge vya zinki, kwa sharti moja: umeme upite kwanza mwilini mwa mtu mzima wa nyumba ile ile. Kwa Bi Mwanaidi, mtu huyo alikuwa Mwatumu, mke wa mwanawe.

Kila alasiri, kwa robo saa nzima, Mwatumu alishika mpini wa shaba kwa mkono wa kulia, wa kushoto akauweka juu ya goti la mama mkwe. Umeme ulimchoma mpaka kwapani. Miezi saba alivumilia. Wiki tatu zilizopita alibandika kwa siri kipande cha nailoni katika kiganja hicho cha kulia, na tangu hapo hakuna kilichopita, ingawa taa ya kisanduku iliwaka vile vile.

Leo walipomaliza, Bi Mwanaidi aliupapasa mguu wake uliofungwa bendeji.

“Siku hizi hata siusikii umeme wenyewe. Nadhani ndiyo napona, mwanangu.”

Harufu ya kidonda ilikuwa imeanza kufika sebuleni.

“Alhamdulillahi, mama,” alisema Mwatumu, macho chini.

“Ila wewe umekonda kwa ajili yangu. Hebu chukua hizi zinki umeze wewe.”

Mwatumu akanyoosha mkono wa kushoto, wa kulia ameufumba, nailoni ikiwa bado ndani. Bi Mwanaidi akacheka.

“Tangu lini ukapokea kwangu kwa kushoto? Lete wa kulia.”

Akabaki amemshikia vidonge, akingoja.