Msumeno Uliochoka

Fundi alizitazama mara mbili namba kwenye kioo cha mashine ya kupimia nguvu, kisha akakifunika kwa kitambaa cha oili.

Misumeno miwili mipya ya mnyororo ilikuwa imeshapimwa: wa kwanza ulitoa nguvu za farasi nne, wa pili nne na nusu. Ule wa baba yake, mkongwe wa miaka ishirini, mpini umefungwa mpira wa baiskeli, ulikuwa umeibwaga yote miwili. Tano kamili.

"Sema basi, mwanangu," alisema baba. "Si nilikwambia umechoka? Jana umenigomea kwenye gogo la kawaida tu, mpaka wenzangu wakanipokea kazi."

Fundi aliiangalia mikono ya mzee. Asubuhi ile mzee alikuwa ameivuta kamba ya kuwashia mara tisa, msumeno kimya. Fundi aliivuta mara moja tu, ukanguruma. Sasa mikono ile ilikuwa imelala mapajani, kidole gumba kikitetemeka chenyewe.

"Msumeno wako umechoka kweli, baba."

Uso wa mzee ukakunjuka. "Unaona! Na watu walishaanza, eti mzee apumzike. Nipe huo mpya. Kesho kuna mti umeegemea paa la shule, na anayepanda ni mimi."

Alikuwa ameshauchukua, ameukumbatia kifuani usije ukamponyoka.

Fundi alinyoosha mkono. Akakiondoa kitambaa kwenye zile namba.