Kiti cha Kupigia Picha

Mteja alikataa kukichukua kiti alichokibuni mwenyewe.

Alikibuni kwenye ukurasa ambao binti wa fundi aliufungua mtandaoni: chagua rangi, chagua miguu, lipa ukiridhika. Akachagua mahameli ya zambarau, mgongo mrefu kama mlango, na jina lake katikati kwa uzi wa dhahabu.

Sasa alikikalia karakanani, amekunja nne, akijipiga picha ya ishirini.

"Nikufungie kiti kwenye gari, mama?" fundi akauliza.

"Aa, fundi wangu, nyumbani nitakiweka wapi? Nilitaka picha tu. Nimeshawatangaza bure, shukuruni."

"Tushukuru nini? Kina jina lako!"

"Si mlifumue tu?"

Akaondoka, macho kwenye simu. Binti akanong'ona, "Baba, watu elfu mbili wamekipenda."

"Na wangapi wanakuja kukibeba?"

Fundi akachukua wembe, akafumua herufi ya kwanza. Uzi ulitoka wote. Matundu ya sindano yakabaki, na herufi ikasomeka vilevile.

Mita saba za mahameli, mbao nne, kopo zima la gundi, na siku tisa za baba na binti: vyote bure.